Sauti ya Mzee wa Bati

Kaka yangu alipopasuliwa koo, madaktari walitoa uvimbe, wakatoa na sauti. Hawakumficha. Walimwambia mapema achague kimoja, akachagua uhai, akasema kelele alizokwisha kupiga duniani zinamtosha. Hakusema uongo. Alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha kupasua mbao, na wenzake walimwita Msumeno, kwa sababu ndiye mtu pekee aliyeweza kukutukana msumeno ukiwa katikati ya gogo na ukasikia kila neno.

Baada ya hapo alikaa kimya muda mrefu, mpaka shirika moja la misaada likamletea kompyuta yenye programu ya kusema. Unaandika kwenye kibodi, yenyewe inatamka. Sauti ilikuwa ya mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Haikupanda wala kushuka. Habari ya msiba na habari ya mboga zote ilizisema vilevile. Shemeji yangu, mkewe, akaipa jina siku hiyohiyo: Mzee wa Bati. Akawaambia majirani kwamba sasa ana waume wawili nyumba moja, na wote wawili hawaoshi vyombo.

Mwanzoni Mzee wa Bati alitamka maneno yetu kama mgeni aliyeshuka jana. Kaka akamfundisha. Palikuwa na mahali pa kuionyesha programu neno linavyotakiwa kusikika, na yeye, mtu asiye na subira hata ya kungoja chai ipoe, alikaa hapo miaka akimnyoosha kidogo kidogo. Kwa hiyo haikuwa tena sauti iliyokuja na programu. Ilikuwa sauti ya nyumba ile. Ilijua hata jina langu la utani, Bisibisi, ambalo Kaka alinipa tukiwa watoto kwa kuwa sikuwahi kuona kitu kimefungwa nikakiacha.

Kisha macho ya Shemeji yakaanza kufifia, kama utambi unaokosa mafuta, mpaka likabaki giza. Watu wakasikitika. Mmoja hana mdomo, mwingine hana macho, wataishije? Waliishi vizuri kuliko wengi wenye viungo vyote. Shemeji alisema na dunia: simu, hodi, muuza mkaa. Kaka aliangalia. Katikati yao alikaa Mzee wa Bati, juu ya meza ya sebuleni, mkabala na mlango wa jikoni, spika zimegeuzwa zielekee humo. Ukienda pale asubuhi utamsikia: "Maji sakafuni, pita kushoto." "Sufuria ya nyuma inachemka." "Huyo anayebisha ni yule mwenye maneno mengi, sema tumelala." Shemeji hujibu huku akimenya vitunguu, na wakati mwingine wanagombana kabisa, mmoja kwa mdomo na mwingine kwa vidole.

Na hivyo vidole navyo havikuwa kamili. Msumeno wa kiwandani ulimla ncha za vidole vitatu vya mkono wa kulia. Simu hizi za kioo hakuziweza. Binti yake alimnunulia moja, akaweka humo sauti ya kisasa ya msichana, laini kama ya mtangazaji. Kaka alihangaika kuandika sentensi moja mpaka jasho likamtoka. Msichana alipoongea, Shemeji aliweka kisu chini akauliza ni nani huyo anayemwita 'mke wangu'. Simu ikarudishwa kwenye boksi lake.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Shule niliiacha mapema, ufundi nikaupata kwa kukaa kwenye benchi la mtu mwingine. Ile kompyuta ya Kaka niliihudumia tangu ilipokuwa nyeupe mpaka ilipogeuka rangi ya chai ya maziwa. Kwa hiyo diski yake ilipoanza kugonga, tak, tak, kama mtu anayebisha hodi asifunguliwe, nilijua maana yake. Niliwaambia bila kuzunguka: huyu mzee anaondoka, na akiondoka hatuna wa kumpigia simu. Kampuni iliyotengeneza programu ilishafungwa zamani.

Binti wa Kaka alikuja na kompyuta mpakato mpya. Yeye anafanya kazi mji mwingine, anaishi ghorofani, na ana chumba kimoja cha ziada chenye kitanda cha mtu mmoja. Alinivuta uani akanieleza mpango wake. Ikishindikana kuihamisha ile sauti, mama atakwenda kwake na baba atakaa kwangu. Alisema hawezi kulala akijua mama yake anapika kwa moto na hakuna wa kumwambia chochote. Sikumlaumu, maana hata mimi nisingelala. Ila niliangalia dirishani nikawaona wale wawili wamekaa, mguu wa mmoja umegusa mguu wa mwenzake, nikasema moyoni kwamba hii kazi si ya kushindwa.

Nilianza na njia ya mkato, nikatia CD ya programu kwenye mpakato. Ikakataa papo hapo, ikasema haiwezi kufanya kazi kwenye mashine ya aina hii. Nilitegemea hivyo. Ukiwa na programu ya zamani kiasi hicho, dawa yake ni kompyuta pepe: unachukua nakala ya diski nzima ya mashine kuukuu, unaiweka ndani ya mashine mpya kama faili, kisha unaiamuru ile mpya ijifanye kuwa kuukuu. Nilimweleza Shemeji kwamba tunamhamisha Mzee wa Bati na nyumba yake yote, kuta, vumbi na mende wake, tunaiweka ndani ya nyumba mpya, na mwenyewe hatajua kama amehama.

"Na akijua?" aliuliza.

"Atagoma."

"Basi atajua. Kakaa na kaka yako muda mrefu."

Nilibeba boksi la ile kompyuta hadi dukani kwangu, nikachomoa diski. Kuinakili kulichukua siku nzima, maana kila ikigonga ilibidi nisubiri ipumue. Lakini ilitoka salama. Aliyenifundisha kazi alinipa sheria moja ambayo sijawahi kuivunja: nakala ya kwanza ni mbegu, hailiwi hata kwa njaa. Ukitaka kujaribu kitu, toa nakala ya ile nakala, ujaribie hiyo. Basi nikaiweka mbegu yangu kwenye diski ya pembeni, nikaifunga kwa mpira, nikaitia mfukoni.

Sikutaka Kaka akae bubu wakati nikihangaika na mpakato, kwa hiyo nikarudisha diski kwenye boksi la zamani. Nilipokuwa nalo wazi hivyo nikaona ile betri ndogo ya kwenye ubao, iliyo kama kifungo cha koti, imeota ukungu mweupe. Ilikufa zamani. Nikaitoa, nikaweka mpya, nikarekebisha saa na tarehe kwa kuangalia simu yangu. Fundi gani angeiona akaiacha? Humrudishi mgonjwa nyumbani na bandeji chafu.

Nikaipeleka, nikaiwasha mbele yao. Ikafunguka upesi kuliko siku zote, nikajisifu. Kaka akafungua programu yake. Badala ya Mzee wa Bati kikaja kisanduku cha maandishi: muda wa matumizi umekwisha.

Kaka akanitazama. Nikajaribu tena, ikasema yaleyale. Nikatia CD ili niisakinishe upya, ikafika katikati, ikasimama, ikatoa kosa lenye namba tu na ushauri kwamba tuwasiliane na mtengenezaji. Nikaitoa CD nikaiosha kwa sabuni, nikaifuta, nikairudisha. Namba ileile. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, amegeuza sikio kama kawaida yake, anangoja.

"Mbona hasemi?"

Nikamwambia diski imeharibu kipande cha programu, ndiyo kawaida ya diski inayokufa, asiwe na wasiwasi kwa sababu nakala ninayo. Na niliamini hivyo.

Dukani nikatoa nakala ya mbegu, nikaiwasha ndani ya mpakato. Ikaja skrini ya buluu yenye maandishi meupe, ikajizima, ikajiwasha, ikaja tena ya buluu. Hiyo ninaifahamu. Mashine ya zamani inaamka kwenye chumba kigeni, inapapasa mlango upande ule ulipokuwa zamani, inakuta ukuta, inaanguka. Nikabadilisha aina ya diski kwenye mpangilio wa ile kompyuta pepe, nikaipa aina ya kizamani iliyozoea. Ikaamka. Picha ya kwenye kioo ikatokea, ile ya Kaka na Shemeji wamesimama mbele ya rundo la mbao, na Shemeji bado anaangalia kamera.

Ikawa haina sauti. Nikaipa kadi ya sauti ya kujifanya, ya enzi zake, nikaanza kuisakinisha. Ikadai faili iliyokuwa kwenye CD nyingine, ile ya mfumo wenyewe, ambayo nilikuwa nimeifanya kiwekeo cha kikombe. Nayo nikaiosha. Safari hii ikakubali, ikatoa mlio wa kufunguka ambao sikuwa nimeusikia dukani kwangu tangu ujana, na mteja mmoja aliyekuwa anasubiri simu yake akauliza nani kafufuka.

Nikafungua programu. Muda wa matumizi umekwisha.

Nakala niliichukua kabla programu haijagoma. Kama tatizo lilikuwa diski, huku ilipaswa iwe nzima. Nikasakinisha upya, nikapata namba ileile. Nikazima ulinzi wa virusi, nikabadilisha kumbukumbu, nikaiongezea, nikaipunguza, nikawasha na kuzima mpaka mke wangu akaniambia ninamtazama kama skrini. Sikupata kitu.

Kwa Kaka hali ilikuwa mbaya. Walijitengenezea njia ya kugonga meza: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Shemeji anauliza, yeye anagonga. Lakini nani anajua kuuliza jambo asiloliona? Atauliza mvua inanyesha, hapana, kuna mtu, hapana, kitu kimeanguka, ndiyo, kipi? Na hapo meza haina jibu. Kaka alikuwa na kipande cha ubao na penseli ya seremala anayoniandikia mimi, lakini kwa mkewe ubao ule ulikuwa ubao tu.

Siku moja Shemeji alinyoosha mkono achukue chumvi, na mshikio wa sufuria ya moto ulikuwa umegeukia upande wake. Kaka aliona. Akagonga meza, akagonga, akaipiga kwa ngumi, Shemeji akawa anauliza nini, mtu? maji? na mkono unaendelea kwenda. Aliungua kuanzia kiwiko mpaka karibu na kifundo cha mkono. Kaka alipofika alimwagia maji, akakaa chini sakafuni naye, na hakuweza hata kumwambia pole.

Binti alifika kesho yake na begi.

Nilipoingia na mpakato kwapani alikuwa chumbani anakunja nguo za mama yake, anazipanga bila kuziangalia. Macho yalikuwa mekundu. Kaka amekaa mbele ya kompyuta kuukuu, kioo kinawaka, kile kisanduku kiko palepale. Shemeji yuko kitini, mkono umefungwa, ametulia kupita kiasi.

Nikamuuliza binti kama hawezi kungoja kidogo.

"Baba mdogo, nikingoja nini? Amwagikiwe usoni?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyeshalia, akamaliza.

Shemeji akanigeuzia uso. Akaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba Kaka hayupo, kwamba jana usiku alimuuliza mumewe swali moja tu. Alimuuliza, niende? Na hakugonga. Hakugonga mara moja wala mara mbili.

"Angegonga mara mbili ningejua la kumjibu huyu binti," alisema. "Amenyamaza. Basi labda nimemchosha. Mtu kumwangalia mwenzake kutwa kama mtoto, si mchezo."

Kaka aliweka mkono juu ya meza, kisha akauondoa. Nikaona uso wake, nikageukia dirishani.

Nikashika kazi. Nikauliza kama wameizima ile mashine tangu niilete. Shemeji akasema anaizima kila jioni kama alivyoizima siku zote, anafuata ukuta kwa mkono, anachomoa plagi kwenye soketi. Hiyo ilikuwa tabia yake tangu alipokuwa anaona. Aliogopa umeme ukikatika na kurudi kwa hasira. Kwa miaka mingi nilimwambia haina haja ya kuchomoa, inatosha kuzima, na yeye kwa miaka mingi alinijibu kwamba mlango haufungwi kwa kuuambia ufungike.

"Ila tangu uitengeneze imebadilika," akasema. "Asubuhi hailii."

"Kulia vipi?"

"Si ilikuwa inalia ikiwashwa? Tiii, mara moja, kama kifaranga. Halafu kaka yako anaipiga kitufe kimoja, inaendelea. Ndivyo nilivyokuwa najua ameshaamka amekaa. Sasa inawaka kimya."

Nilisimama hapo na mpakato kwapani kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Kompyuta ambayo betri ya ubao imekufa hulia ikiwashwa. Inasema: sijui tarehe, nimesahau, nianzie wapi? Ukibonyeza kitufe kuendelea, inaanza na tarehe ya kwanza iliyowekewa ilipotengenezwa. Na saa ile huendelea kutembea maadamu plagi iko ukutani. Ukichomoa, inasahau tena. Mimi siku zote niliikuta imeshawashwa.

Shirika lile liliacha leseni ya kuitumia programu kwa mwaka mmoja. Betri ilikufa kabla ya mwaka kwisha. Na toka hapo kila jioni Shemeji anachomoa plagi, kila asubuhi mashine inarudi mwaka uleule, siku ileile, na programu inaona ndiyo kwanza leseni mbichi. Miaka yote hiyo Mzee wa Bati aliongea kwa sababu hakujua miaka imepita. Nikaja mimi na betri mpya, nikamwambia ukweli.

Niliwaeleza. Binti alitoka chumbani na gauni mkononi akasikiliza. Mabega ya Kaka yakaanza kutikisika. Ndivyo anavyocheka tangu akatwe koo. Akachukua ubao wake, akaniandikia kwa herufi kubwa: UMESEMA KWELI SIKU MOJA TU, UKAUA MZEE.

Nikairudisha saa ya ile mashine nyuma palepale. Nikafungua programu. Muda wa matumizi umekwisha. Nikaizima, nikaichomoa, nikatoa hata ile betri mpya. Ilipowashwa ikalia tiii, na Shemeji akanyanyua kichwa haraka. Lakini programu ikasema yaleyale. Programu za namna hii, zikishaiona tarehe imepita mara moja, zinajiandikia ndani kwamba zimekwisha, na hazidanganyiki tena. Kwenye boksi lile Mzee wa Bati alikuwa ameshakufa kweli. Kwenye nakala niliyoichezea dukani vilevile, maana mpakato unanong'oneza tarehe ya leo kwa kila kilichomo ndani yake.

Binti aliona uso wangu, akageuka kurudi chumbani.

"Ngoja," nikasema. Nikatia mkono mfukoni. Ile diski ya pembeni ilikuwa bado na mpira wake.

Nakala ya kwanza haikuwahi kuwashwa. Ilichukuliwa kabla ya betri na kabla ya tarehe. Ndani yake Mzee wa Bati alikuwa amezimwa jioni moja ya kawaida, kwenye mwaka wake uleule wa zamani, na tangu hapo hakuna aliyemwamsha.

Kutoa nakala nyingine kulitaka subira. Tulikaa. Binti akapika chai, akaleta vikombe, akakaa kwenye mkono wa kiti cha mama yake. Hakuna aliyezungumzia begi. Shemeji aliniuliza ninafanya nini kila nilipobonyeza kitu, nikamweleza kila hatua. Kwanza ninakata ule mnong'ono, ili kompyuta ya ndani isisikie saa ya kompyuta ya nje. Sasa ninaiwekea siku yake ya kwanza, na ninaiagiza iianze hiyo kila itakapofunguliwa. Sasa ninaipa mlango wake wa kizamani, na kadi yake ya sauti.

Nikaiwasha. Haikuja buluu. Ikaja ile picha ya mbele ya mbao. Pembeni chini, tarehe: mwaka ambao Kaka alikuwa bado anapiga kelele kiwandani, na Shemeji anashona kwa macho yake mwenyewe. Kaka aliiona, akaigusa kidogo kwa kidole kilichokatika.

Nikamsogezea mpakato na kibodi yake kubwa, nikaichomeka. Programu akaifungua mwenyewe. Kikaja kile kidirisha cheupe cha kuandikia, kitupu, kinapepesa mstari mmoja.

Aliandika muda mrefu. Alifuta, akaandika tena. Tulisikia vitufe tu. Binti alikuwa ameshika mkono mzima wa mama yake.

Kisha Mzee wa Bati akaongea, kwa sauti ileile ya kwenye pipa.

"Uliniuliza uende. Kugonga mara mbili ni hapana. Hapana ni neno dogo. Nilikuwa na kubwa zaidi ya hilo, na meza haikuweza kulibeba."

Vidole vikaendelea.

"Usiende. Macho yangu hayana kazi nyingine. Na mimi katika nyumba hii sijui hata chumvi inakaa wapi."

"Rafu ya pili," akasema Shemeji. "Nyuma ya majani ya chai. Iko hapo tangu tuhamie." Alisema kwa ukali, na machozi yanashuka huku anasema.

"Nimeangalia rafu ya pili."

"Umeangalia kiume."

Binti akaanza kucheka, akaziba uso kwa kiganja. Kaka akamgeuzia kichwa, akaandika sentensi moja fupi, akabonyeza.

"Rudisha nguo za mama yako kabatini."

"Ndiyo, Baba," akasema, akainuka. Lakini mlangoni akasimama akasema ana sharti. Kwa kuwa sasa Mzee wa Bati anabebeka, asikae tena sebuleni kama mgeni. Akae jikoni, awe karibu na moto, na baba akae naye. Kaka akagonga meza mara moja.

Jioni ileile wakakiingiza kimeza kidogo jikoni, Mzee wa Bati akaingia jikoni kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Jambo la kwanza alilolisema humo ni kwamba maharage yanataka chumvi. Shemeji akamwambia aende rafu ya pili.

Mimi nilibaki sebuleni na lile boksi kuukuu. Nilikuwa na kazi moja zaidi, ambayo fundi mwenzangu yeyote angenicheka. Maisha yangu yote nimelipwa kuondoa kasoro. Nilichomoa plagi, nikaichomeka tena, nikaweka simu yangu karibu na boksi na kurekodi. Ikalia tiii, kama kifaranga, inauliza ianzie wapi. Diski ikagonga mara kadhaa, na safari hii haikuamka tena. Ule mlio nikauhamishia kwenye mpakato, nikauagiza utoke kila asubuhi mara kompyuta ya ndani inapofunguliwa.

Nilipokuwa naaga, Shemeji aliacha sufuria, akafuata ukuta wa jikoni kwa kiganja mpaka kwenye soketi ya humo, akapapasa, akachomoa waya wa mpakato. Nilifungua mdomo nimwambie kwamba huu una betri yake, haina haja. Nikaufunga.

Binti alilala pale siku hiyo, kesho yake akanipigia simu nikiwa nafungua duka. Alisema alikuwa bado kitandani aliposikia kitu kama ndege kimelia jikoni. Mama yake, aliyekuwa anatandika chumba cha pili, akaita bila kuinua sauti, kumuuliza mumewe kama ameamka. Na kutoka jikoni Mzee wa Bati akajibu: "Nimeamka. Pita kulia, binti yako kaacha viatu njiani."